Jiwe Halikataliwi

Wiki moja kabla ya Samhain

Mama Mkuu wa watawa amenirudisha nyumbani kwa sababu ya mdomo wangu. Alisema natosha kuvuruga nyumba ya sala peke yangu, bila msaada wa shetani. Kwa bahati nzuri hakunikagua mkoba, na ndiyo maana leo nina wino na hivi vipande vya ngozi vya kuandikia.

Nyumbani ni pale pale, katikati ya ziwa. Babu alipigilia nguzo za mwaloni kwenye tope, akajaza matawi na mawe mpaka kikaota kisiwa, akajenga juu yake nyumba ya duara na uzio kuizunguka. Baba yangu Cobthach alizaliwa humu, nami vilevile. Nimekuta mambo mawili tu yamebadilika. Baba hatembei tena, magoti yamemkatalia, siku nzima yuko kitini karibu na moto. Na ameoa. Mama mdogo anaitwa Derbail, katoka kwa watu wa kinamasi, na ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemtangulia kuzaliwa.

Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa nivue viatu, sakafu imelowa. Nikamjibu kwamba sakafu ya baba yangu haijawahi kulowa tangu dunia iumbwe. Hakubishana. Aliitazama miguu yangu tu, nami nikaitazama, na kweli soksi zilikuwa chapachapa.

Kesho yake

Mvua. Uji wa shayiri. Derbail anatia chumvi kama anaihurumia.

Samhain

Leo ni sikukuu ya Samhain, mavuno yamekwisha na mwaka umegeuka, na leo watu wameleta mawe.

Baba alibebwa pamoja na kiti chake mpaka langoni. Kila mkuu wa nyumba alipita na jiwe lake, Baba akalipokea kwa mikono miwili na kusema maneno aliyoyasema babu: "Nimelipokea, na wewe nimekupokea." Baada ya hapo jiwe linawekwa ukingoni mwa kisiwa, na Tuathal, msimamizi wetu, anamtembeza mwenye jiwe kwenye njia ya majini amfundishe kona zake. Njia hiyo imelala chini ya maji yanayofika muundi, na inapinda pinda makusudi. Asiyeijua hatua moja tu inamtosha kunywa ziwa. Mwenye jiwe hapa ni mtu wetu, na siku ya balaa lango hufunguliwa kwa ajili yake. Ndiyo maana jiwe halikataliwi. Kulikataa ni kumwambia mtu mbele ya wenzake kwamba akafie mbali.

Miaka mingine kazi hii huisha kabla ya chakula cha mchana. Leo foleni ilizunguka ghuba. Ailill wa ng'ambo ya mlima amekuwa akichoma nyumba za watu tangu mavuno, na watu ambao hawajawahi hata kutusalimia wamekuja na mawe kifuani, wapole kama bibi harusi.

Kuliko wote kachekesha Gormán. Huyu bwana hajui kufanya kitu kidogo. Kaja na jabali, likikokotwa na ng'ombe wawili, kisha likapakiwa juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, na mmoja nusura uzame. Mkewe Lassar, tumbo limeshakuwa kubwa, alikuwa ameketi ufukweni akitikisa kichwa.

"Dada, mimi nilimwambia achukue la saizi ya mkate," akaniambia.

Baba hakuweza kulinyanyua, basi akaliwekea viganja tu na kutamka maneno yake. Watu walipiga vigelegele. Lilikokotwa ndani ya uzio, upande wa zizi la nguruwe, na hapo limekaa, kubwa kuliko nguruwe mwenyewe. Nilijisikia fahari. Baba yangu ndiye anayetegemewa na nchi nzima hii.

Derbail pembeni yangu alisema polepole, "Chini ni uji." Nikamuuliza uji gani. Akasema kwao kwenye kinamasi hujenga barabara za matawi, na mtoto mdogo anajua kwamba tope hubeba, hubeba, kisha siku moja hula. Nikamwambia asimamie vyungu vyake.

Siku ya tatu baada ya Samhain

Mawe mengine. Mvua.

Siku ya sita

Mawe. Gogo letu la kufulia, lile la ukingoni mwa kisiwa, limefunikwa na maji. Tuathal anasema hajaona mvua ya namna hii. Kila mwaka husema hivyo.

Sikukuu ya Mtakatifu Martini

Tumechinja nguruwe kama desturi, na ilibidi tumchinje tukiwa tumesimama kwenye maji. Zizi limelowa lote. Nyama tamu, lakini tuliila tukiwa na miguu baridi.

Jumamosi

Kuku wamehamia ndani. Jogoo analala juu ya sanduku langu la nguo na hajali kabisa kwamba mimi ni binti wa mkuu.

Jumatatu

Leo hapakuwa na mvua. Naandika hivi kwa sababu ni jambo la pekee, na kwa sababu ya kilichofuata.

Derbail alinivuta mkono mpaka kwenye uzio. "Mtawa," akasema (ndivyo anavyoniita akitaka kunichokoza), "liangalie lile jiwe la korongo."

Ni mwamba ulio ng'ambo, ufukweni. Korongo husimama hapo akivua. Una mstari mweusi ambao maji ya majira ya baridi huufikia kila mwaka, tangu nikiwa mtoto naujua. Niliangalia. Maji yalikuwa kwenye mstari ule ule, wala hayajaongezeka kidole.

Nikageuka kulitazama gogo letu la kufulia. Sikuliona mara moja. Lilikuwa chini sana, limekuwa kivuli tu.

"Kwa hiyo ziwa halijapanda," nikasema.

"Halijapanda," akasema Derbail.

Niliketi chini pale pale kwenye maji. Mimi nilimcheka huyu mwanamke. Hakunikumbusha hilo hata kwa jicho, alininyanyua tu kwapani, akaniambia nitaumwa figo.

Jumanne

Nimemwambia Baba. Nilijiandaa usiku kucha, nikapanga maneno kama mtu anayekwenda kumwambia mzee kwamba ana ugonjwa mbaya. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba maziwa mgando, akanywa, akajifuta ndevu.

"Najua," akasema. "Nilijua kabla yenu. Mimi ndiye ninayelala na sikio juu ya mbao hizi. Nasikia nguzo zinavyolia."

"Basi sema mawe yatosha, Baba."

"Nimwambie nani? Nitajie jina. Yule aliye mwisho wa foleni? Au mwenye watoto wengi? Nikimkatalia mmoja langoni, jioni Ailill atasikia ni nani ambaye Cobthach hamtetei. Asubuhi nyumba ya mtu huyo ni majivu. Ni kama nimewasha moto kwa mkono wangu."

Nikasema kwamba kisiwa kikizama hakuna atakayetetewa. Akasema hilo nalo ni kweli. Alinishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona baba yangu hajui la kufanya, nikakasirika, nikatoka nje nikamfokea jogoo.

Ukubwa jalala, wanasema. Kila mtu huja kutupa lake.

Ijumaa, Kwaresima ya majira ya baridi imeanza

Nimebuni mpango. Tuathal asimame ufukweni awaambie watu waache mawe yao pale pale, Baba atayapokea kwa maneno tu, kwa mbali. Na anayetaka kusaidia alete matawi, kwa sababu Derbail anasema matawi hayana uzito wa kuua. Derbail ameukubali mpango. Ni mara ya kwanza sisi wawili kukubaliana juu ya kitu kisichokuwa chumvi.

Jumamosi

Mpango umekufa.

Watu walimwelewa Tuathal vibaya, au pengine walimwelewa sawasawa. Wengi waliondoka na mawe yao. Mzee mmoja hakuondoka. Aliketi kwenye mvua, jiwe mapajani, uso umeelekea kwetu, kutwa nzima. Hakulia, hakuita. Nilikuwa namwona kila nilipoinua kichwa, nikajaribu kutoinua kichwa.

Alasiri Baba aliuliza yule ni nani. Akaamuru abebwe, kiti na yeye, mpaka kwenye mtumbwi, akavushwa mpaka kwa yule mzee, akalipokea jiwe lake kwa mikono miwili. Alirudi nalo kwenye mtumbwi, amelipakata.

Jumapili

Mawe yamekuja mara mbili ya kawaida.

Jumatano

Mvua. Mawe.

Alhamisi

Mimi na Derbail tumeinua meko kwa udongo wa mfinyanzi. Ni mara ya ngapi sasa, sijui. Tunachota ng'ambo, tunakanda, tunapandisha moto juu kidogo, na baada ya siku chache maji yanafuata. Tukisimama kukoroga uji vichwa vinagusa nyama zinazokaushwa darini. Derbail kasema mwakani tutapikia juu ya paa na kumtumia jirani moshi kwa mkono. Nilicheka mpaka nikajiona mjinga, kisha yeye akaanza kulia, nami nikakanda udongo wake na wangu.

Nilimuuliza kwa nini asirudi kwao. Akasema mume wake yuko hapa. Alilisema kama mtu anayetaja mahali alipoacha ndoo.

Jumapili kabla ya Krismasi

Baba anakohoa. Nguzo zinalia hata mimi nazisikia.

Krismasi

Padre hakufika, aliogopa njia. Tulisali wenyewe. Baba aliwaombea watu wote wenye mawe humu kwa majina, na samaki mkunga wa kukaushwa tuliyekuwa tumemchoma akapoa kabisa kabla hajafika nusu.

Siku ya nne baada ya Krismasi

Nimeandika hii siku kadhaa baadaye, ng'ambo, kwenye banda la Tuathal, kwa sababu siku yenyewe sikuwa na mkono wala mahali pakavu.

Moshi ulionekana asubuhi kwenye bonde la kaskazini. Kisha mwingine, karibu zaidi. Kisha watu wakaanza kutokea ufukweni wakikimbia, na bila kusimama wakaingia kwenye njia ya majini, wakipinda kona kama walivyofundishwa, watoto mabegani, mbuzi shingoni. Wote walizikumbuka kona. Hata leo nashangaa jinsi walivyozikumbuka.

Derbail alikuwa langoni, ameshika komeo. Nilikimbilia pale. Mstari wa watu ulikuwa umeshafika nusu ya njia na nyuma bado walikuwa wanamiminika.

"Ronnat," akasema. Kabla ya hapo hakuwahi kuniita jina. "Wakiingia wote hawa tunazama. Unajua. Wote, na wao wenyewe."

Nilijua. Niliweka mkono wangu juu ya komeo, sijui kwa kulifungua ama kulikaza. Nyuma yetu Baba aliita kutoka kitini, neno moja, "Fungueni," na bado mikono yetu haikusogea. Ndipo tukamwona Lassar. Maji yalikuwa yamemfika magotini, tumbo mbele, ameinua gauni kwa mkono mmoja na kwa mwingine anajishika mgongo. Alikuwa peke yake. Derbail akatoa sauti kama ya mtu aliyeungua, na ni yeye aliyevuta komeo. Nataka iandikwe kwamba ni yeye.

Waliingia. Kila aliyeingia alishukuru, wengine walimbusu Baba mikono. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa. Sakafu ilianza kwenda kabla hata hawajaisha kuingia. Haikuanguka, haikupiga kelele. Ilishuka tu, taratibu. Maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, kisha muundi, na watu wakanyamaza mmoja mmoja kadiri walivyoelewa. Meko yetu, ule udongo wote tulioukanda, yalifukuta, yakatoa mvuke, yakazimika. Moto ule uliwashwa na babu.

Hakuna aliyeweza kutoka. Watu wa Ailill walikuwa wameshafika ufukweni. Wawili walijaribu njia, mmoja akapotea kwenye kona ya pili na hakuibuka, basi wakaacha. Wakachoma mabanda, likasalia la Tuathal tu, wakachoma mitumbwi yetu, wakawasha moto wa kuota, wakaketi. Hawakuwa na haraka. Walichohitaji ni kukaa tu na kututazama tukisimama majini.

Tulisimama. Kutwa, na usiku, na asubuhi nyingine. Watoto tuliwaweka juu, kwenye boriti za paa. Tulipeana zamu za kumwegemea mwenzio. Lassar uchungu ulimshika, na hapakuwa na mahali pakavu pa kumlaza katika kisiwa kizima isipokuwa mahali pamoja tu: jabali la mumewe. Mgongo wa jabali ulikuwa bado juu ya maji. Tukatandika vazi la Baba, tukampandisha, na Derbail na mimi, maji kiunoni, tukampokea mtoto wa kiume hapo. Lassar aliuliza kama Gormán amefika. Tukamwambia bado. Alikuwa amebaki nyuma kuwaswaga ng'ombe wake wawili. Hajafika hadi leo.

Baba alikataa kupandishwa popote. Alisema boriti ni za watoto. Alikaa kitini mwake, maji yakamfunika mapaja, kisha tumbo. Kila nilipopita karibu aliniuliza ni wangapi wamo ndani, nami nikimjibu, aliuliza kama kuna aliyebaki nje. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumbeba. Nilimletea blanketi, ambalo nalo lilikuwa limelowa.

Mchana watu wa Ailill walichoka, au walishiba, wakaondoka. Tulitoka kwa njia ile ile, ambayo karibu na kisiwa maji yake sasa yalifika kifuani.

Siku ya pili ng'ambo

Baba ana homa. Mwili haupati joto.

Siku ya tatu

Vivyo hivyo.

Siku ya nne

Alizinduka leo akiwa na akili zake. Derbail alikuwa anamsugua miguu.

"Lango mlilifunga?" akaniuliza.

"Hapana, Baba."

"Vizuri," akasema, akamwambia Derbail asisugue sana, ananyofoa ngozi. Akalala. Alasiri alikuwa ametutoka.

Wiki iliyofuata

Mvua. Tumemzika. Watu wengi.

Siku nyingine

Kutoka hapa naona paa letu tu, limeketi juu ya maji. Jogoo yuko juu yake. Tuathal anasema atakwenda kumchukua ukitokea mtumbwi. Hautokei.

Mkesha wa Mtakatifu Brigid

Ndugu za Derbail wametuma ujumbe. Kule kwenye kinamasi kuna nyumba, kuna kazi, na kuna nafasi ya watu wawili. Amesema kwamba haendi bila mimi. Nilimwambia anafanya kosa, Mama Mkuu atamthibitishia. Akasema ameshazoea.

Tunaondoka kesho. Tumekubaliana jambo moja. Akitokea mtu njiani na jiwe, nitasema hapana. Mimi ndiye niliyebaki wa damu ya Cobthach, kwa hiyo neno ni langu, na nimeapa mbele ya Derbail nitalisema. Hatuna kisiwa, hatuna uzio, hatuna hata chungu. Kumpokea mtu sasa ni kumdanganya. Baba hakuweza kusema hapana na angalia alikotufikisha. Mimi nina mdomo, kila mtu anajua. Neno moja halinishindi.

Siku ya Mtakatifu Brigid

Tulikuwa tumefunga mizigo. Derbail ameshajitwisha wake.

Lassar alikuja kwa njia ya mlimani, mtoto mgongoni, na mkononi ana jiwe. Saizi ya mkate.

Nilimwahi kabla hajafungua mdomo. Nikamwonyesha paa. Nikamwambia Baba amekufa, yeye mwenyewe alikuwa mazishini. Nikamwambia jiwe la mumewe liko mule ndani na ona lilivyomfaa.

"Lile lilikuwa la Gormán," akasema. "Hili ni la mtoto."

"Lassar, hakuna kisiwa."

"Macho ninayo, dada. Lakini mtoto hana mtu."

Alinyoosha mikono. Hakuwa analia, wala hakuwa anabembeleza, alikuwa amechoka tu na jiwe lilikuwa zito kwake. Mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi. Nililitafuta lile neno. Nilikuwa nimelishika tangu jana, nimelifanyia mazoezi, lilikuwa pale kabisa kwenye ulimi. Kumbe ndivyo Baba alivyokuwa anajisikia kila siku pale langoni, na mimi nikamkasirikia.

Mikono yangu ikaenda yenyewe.

"Nimelipokea," nikasema, "na yeye nimempokea."

Lassar alishusha pumzi. Tuliingia wote wawili majini hadi magotini, mahali njia ya zamani inapoanzia, nikaliweka. Lilizama mara moja, tope likalifunika.

Nilipogeuka, Derbail alikuwa amekwisha kutua mzigo wake chini. Hakunilaumu. Hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama juu, kwenye njia ya mlimani, ambako wengine walikuwa wanateremka, wanaume kwa wanawake, taratibu kwa sababu ya utelezi, kila mmoja amepakata jiwe lake.